Shavu la Tatu

Maji baridi yalimwingia Dorine ndani ya viatu, pale pale katikati ya soko la samaki la Kalundu, asubuhi ambapo mitumbwi imefika na wanawake wanasukumana kugombania samaki wa mikeke.

"Eh! Weye mutu wa barafu, hauna macho?"

Kijana aliyebeba kipande kikubwa cha barafu begani, kimefunikwa kwa gunia, akageuka. Mrefu, suruali imekunjwa hadi magotini, fulana nyekundu imelowa mgongo mzima.

"Pole, dada. Macho niko nayo. Yalikuwa yanakuangalia weye, njo miguu ikakosa njia."

"Basi ulimi peke yake njo haujaganda!"

Waliokuwa wakianika ndagala, vile visamaki vidogo, wakacheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Kijana akatua mzigo wake, akasogea kuomba radhi kama watu wa kule wanavyosalimiana: shavu kwa shavu, kulia, kushoto, halafu kulia tena. Dorine akarudi nyuma upesi kama aliyeona moto, akanyoosha mkono.

"Mukono inatosha."

"Bon. Mukono nitaishika. Minye ni Manirakiza. Wananiita Mani."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Dorine alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikuwa chini ya bati karibu na soko la Mulongwe. Mama yake alilima mpunga kule Sange. Nguo alizojishonea zilimkaa vizuri mno. Kitenge cha njano chenye mikono mipana, kiuno kimebanwa. Lakini juu ya uzuri wote huo alifunga kitambaa cheupe kutoka kichwani mpaka chini ya kidevu, jua liwake au mvua inyeshe.

"Sheri wangu, hiyo ni dini gani?" Mani alikuwa akimchokoza kwenye simu. "Hata masista wanatoa kidevu nje."

"Ni dini ya kuficha dhahabu. Wezi ni wengi."

"Basi nifungulie kidogo, minye ni polisi."

"Polisi njo wezi wa kwanza! Lala, Mani."

Akikata simu, alikuwa akikaa na kioo mkononi na kulia bila sauti.

Maana Dorine alikuwa na ndevu. Si manyoya mawili matatu ya kusema yatapita. Zilimwota kidevuni na kushuka hadi kooni, nyeusi, ngumu, tangu alipokuwa shuleni. Wanafunzi wenzake walimwita Padri Dorine, wakipiga magoti njiani kumwomba baraka, na yeye akawa anarudi nyumbani kwa njia ya mashambani ili asikutane nao. Kila asubuhi alizing'oa kwa kibano, moja moja, machozi yakimtoka. Penye kung'olewa pakafanya vipele na madoa, na juu ya madoa akapaka pomadi ya kung'arisha ngozi. Uso ukawa na rangi mbili. Kitambaa kikazidi kushuka.

Siku moja Mani alimpigia simu, sauti imejaa furaha.

"Dodo wangu! Shangazi yangu Pélagie amekubali. Mpunga ukishavunwa, yeye na ndugu zake wanatoka Luberizi kuja kukuona. Weye tu uwasalimie, uwape chakula, basi. Kisha tunaongea mambo ya mahari."

"Watakuwa wangapi?"

"Wote! Shangazi hawezi kuacha mutu nyuma."

Wote. Na kila mmoja mashavu matatu. Msichana anayeletewa wageni hawezi kunyoosha mkono kama mgeni wa ofisini. Atakumbatiwa, atabanwa shavu, na zile ndevu za kuchipua zitamkwaruza shangazi wa mume usoni. Dorine alikaa chini kwenye vipande vya kitenge. Aliona kabisa jinsi Shangazi Pélagie atakavyojishika shavu na kuuliza, "Hiki ni nini?"

Akavuka mpaka hadi Bujumbura, akaenda kwa daktari wa ngozi ambaye watu walisema anachoma ndevu kwa mwanga wa leza. Daktari alikuwa mama mnene, jina lake Capitoline, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Fungua kitambaa, binti yangu. Hapa tumeona yote." Akashika kidevu chake, akakigeuza huku na huku. "Unang'oa?"

"Kila siku, mama daktari."

"Acha. Mwanga unafuata unywele mpaka kwenye mzizi. Ukiung'oa mzizi, mwanga utafuata nini? Kuanzia leo ni kunyoa tu. Na hii rangi mbili, ni pomadi ya kung'arisha?"

Dorine akainamisha kichwa.

"Hiyo nayo acha kabisa. Jua pia ulikimbie. Ngozi iliyochubuliwa na jua au na pomadi, nikiipiga leza nitaiunguza, utabaki na kovu. Sisi watu weusi tuna mashine yetu inayotufaa. Usikubali mutu akupige na yoyote. Tutapima damu pia, maana mara nyingine ndevu zinatoka ndani ya mwili. Leo nitajaribu sehemu ndogo tu, chini ya sikio, nione ngozi inajibu namna gani."

Mwanga ukapiga. Ilikuwa kama kupigwa na ukanda wa mpira uliovutwa sana, halafu kama cheche ya mafuta. Dorine akaruka.

"Uso mzima itakuwa vile?"

"Kidevu kinauma zaidi. Ila kuna barafu, na kuna pomadi ya ganzi. Ya ganzi nitakupaka mwenyewe, kidogo, hapa hapa. Usijipake nyumbani."

"Na zitaisha mbele ya mavuno?"

Daktari akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Hapana, binti. Ni safari ya miezi mingi. Zitapungua, zitalainika. Kuisha zote, siwezi kukuahidi."

Dorine alisikia maneno yote, isipokuwa hayo ya mwisho. Hayo aliyaacha palepale kitini.

Akaanza kunyoa. Mani akamwita Jumapili waende ufukweni kula samaki wa kuchoma. Akasema jua kali. Akamwita tena, akasema kichwa kinauma. Alikuwa akivuka kwenda Bujumbura bila kusema anakwenda kwa nani. Halafu siku moja Mani alikuja penye cherehani, akatafuta kalamu ndani ya mkoba wa Dorine, na mkono ukatoka na wembe wa kunyolea, ule wa mpini wa buluu wanaotumia wanaume, na vinyweleo vifupi vimebaki kwenye chuma.

"Dodo. Hii ni ya nani?"

Cherehani ikasimama.

"Nimekuuliza. Minye ndevu zangu nanyolewa na kinyozi. Hii ni ya nani?"

Neno lilikuwa fupi tu. Yangu. Lilimfika kwenye meno. Akaona magoti ya wanafunzi njiani, akasikia "Padri, tubariki," akafunga mdomo.

"Ni ya mwanaume unayemfuata kule Buja? Njo maana hautaki shavu langu? Njo maana unajifunika?"

"Fikiria unavyotaka, Mani."

"Sema basi haiko hivyo! Nitakuamini. Sema tu."

Dorine akageuza uso kwenye cherehani. Ilikuwa afadhali amwone malaya kuliko amwone Padri. Mani akauweka wembe juu ya kitenge, taratibu, kama anayeweka kitu cha marehemu, akaondoka. Fulana ile nyekundu ikapotea kati ya pikipiki, naye Dorine akabaki anaukanyaga mguu wa cherehani bila uzi, tak-tak-tak, mpaka majirani wakamwuliza kama anaumwa.

Simu ya Mani haikuita tena. Siku zikawa nzito. Dorine alishikilia wazo moja tu, kama mtu anavyoshikilia ubao majini: nikiwa laini, nitamwendea. Nitamwekea shavu langu kwenye shavu lake, na sitahitaji kueleza kitu.

Siku ya leza ilipofika, woga wa yale maumivu ukamzidi. Na akajiambia kwamba, akifika tayari amekufa ganzi, atamwomba daktari apige kwa nguvu zote, uso mzima, mara moja yaishe. Akanunua mirija ya pomadi ya ganzi kwenye duka la dawa la njiani. Akajipaka kidevu, mashavu, koo, nene kama siagi juu ya mkate. Akafunika kwa plastiki, kama wanawake wanavyofunika nywele zenye dawa, akafunga kitambaa juu yake, akapanda taksi moto, pikipiki ya abiria, hadi mpakani Kavimvira.

Foleni ilikuwa ndefu, jua limesimama utosini. Chini ya plastiki jasho lilichemka. Kwanza midomo ikafa ganzi. Kisha ulimi ukawa kama wa mtu mwingine. Masikio yakaanza kulia kama nyuki, moyo ukakimbia, na ardhi ikainuka kumjia.

Mama mmoja mwuza ndizi alimvuta kivulini. "Dada! Tumufungue kitambaa apate hewa!"

Dorine akakishika kwa mikono miwili. "Apana… musifungue…"

Yule mama akaokota simu iliyoanguka, akapiga jina la juu kabisa. Liliandikwa Barafu Yangu.

Mani alifika na pikipiki ya kuazima, magamba ya samaki bado mikononi. Akapiga magoti vumbini.

"Dodo. Dodo, ni minye. Achia kitambaa."

"Bora nife, Mani. Uniache vile."

"Hautakufa na minye niko hapa. Achia!"

Akamshika vidole, akavifungua kimoja kimoja. Kitambaa kikatoka. Plastiki ikatoka, inateleza, nyeupe yote. Mani akavua fulana yake, akailowesha kwa maji ya yule mama, akaanza kumpangusa, shavu, koo, kidevu. Pale kwenye kidevu mkono wake ukasimama. Chini ya pomadi palikuwa na ndevu zilizonyolewa jana, zimeanza kutoka.

Akamtazama machoni.

"Wembe ilikuwa yako."

"Yangu."

Mani alimaliza kumpangusa, akamwinua, akampeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Wakamlaza, wakamtundikia serumu ya maji mshipani, wakawa wanasikiliza moyo wake. Dokta Capitoline alipopigiwa simu alifoka mpaka watu wa vitanda vya jirani wakasikia:

"Ganzi hiyo inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inafika kwenye moyo! Nene, tena na plastiki, tena na jua! Ulitaka kuolewa ukiwa ndani ya sanduku? Leo hakuna leza. Pumzika, ngozi itulie, kisha urudi na akili."

Moyo ulipotulia, Mani alikuwa bado ameketi pale, kifua wazi.

"Unicheke basi," Dorine alisema. "Hilo liishe kwanza."

"Sina kicheko. Nina hasira." Sauti yake ilikuwa chini. "Umeniacha nalia kama mutoto juu ya mwanaume asiyekuwako. Nilikuwa namuona hata ndani ya usingizi. Nilimpa na sura! Nikampa na motokari!"

"Niliona ukijua, utapiga magoti njiani kama wale wa shuleni walioniita Padri."

"Leo nimepiga magoti njiani," Mani akasema. "Haukuona?"

Dorine akafunika uso kwa mikono, na safari hii akalia kwa sauti.

Alirudi Bujumbura baadaye, ngozi imetulia, amenyoa jana yake, hana pomadi yoyote. Mani alibeba barafu ndani ya termosi, imevunjwa ndogo ndogo. Daktari akapaka ganzi kiasi chake, nyembamba. Kila mwanga ulipopiga, Dorine alikaza mkono wa Mani; kila mwanga ulipopita, Mani aliweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa safi.

"Inauma?"

"Inauma. Weka tena."

"Barafu ya samaki, sheri. Utanuka mukeke."

"Nyamaza, usinichekeshe, nitatikisika!"

Mavuno yakafika kabla ndevu hazijapungua kitu cha maana, kama daktari alivyosema. Mani alitaka kutuma neno Luberizi kwamba Dorine ana mafua, asisalimiwe kwa shavu. Dorine akakataa.

"Nikijificha leo, nitajificha mpaka uzee."

Akavaa kitenge kile cha njano. Kichwani akafunga kilemba. Kidevu akakiacha nje.

Shangazi Pélagie aliingia wa kwanza, amejitanda nguo ya sherehe iliyofungwa begani, mikono imefunguka. "Huyu njo bibi ya mutoto wetu!" Akamkumbatia. Shavu la kulia. Dorine akasikia kukwaruza, akajua shangazi naye amesikia. Shavu la kushoto, polepole zaidi. Kisha yule mama akasimama, kichwa kimerudi nyuma, macho yamekitazama kidevu. Mani alikuwa amesimama mlangoni, hapumui.

"Unanyoa, mwanangu?"

Miguu ya Dorine ilitaka kukimbilia kule mashambani. Haikukimbia.

"Ndiyo, mama. Ninanyoa. Na nitanyoa siku nyingi bado."

Shangazi Pélagie alimtazama, akamtazama, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akamshika mabega.

"Simama vizuri basi," akasema. "Salamu haijaisha."

Akaleta shavu la tatu.