Abiria wa Daraja la Magogo

Wiki ya kwanza Sumaili alidhani ni ukarimu tu. Kijana wa Ujiji, amevuka ziwa kuja Kongo kusomea uuguzi hapa Kasongo, angeshuku vipi sahani ya ziada? Kila adhuhuri Mama Aicha, mwenye nyumba, alitenga bugali na sombe, kisamvu cha kwao, sahani mbili mkekani. Ya pili hakuna aliyeigusa, ila ilipungua.

Wiki ya pili kikaanza kikohozi nyuma ya mgongo wake akisoma, na harufu ya matope ya mto, ilhali mvua haijanyesha. Huyu mama anafuga jini, akaamua, na chakula chake akakiacha. Maskini, kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama," alimuuliza hatimaye, kwa sauti ya chini, "unamlisha nani humu ndani?"

Mama Aicha akaziba mdomo kwa kitenge. "Unaniuliza miye? Mulishuka wawili kwa pikipiki! Ule mwenzako hasalimie mutu, na miye naogopa kumunyima chakula. Umutoe, ao mutoke wote."

Habari ya jini ikivuma, nani angempangisha tena? Chuo kwaheri! Sumaili akamtafuta Faradji, dereva aliyempakia kutoka Kabambare.

Faradji alipomwona akatema mate. "Kule kwa daraja ya magogo, nilikuuliza nini?"

Sumaili akakumbuka. Pale abiria huvuka kwa miguu, na kabla ya kuondoka dereva huuliza bila kugeuka: "Tuko wangapi?" Naye, mtoto wa watu, kwa uchovu na mzaha alijibu, "Watatu, na Mungu."

"Mungu iko abiria?" Faradji alifoka. "Kuna mwenye anangojaka nafasi pale! Kesho turudi, ujibu wawili, basi."

Asubuhi wakaenda, wakavuka, wakageuza. Faradji akatangulia kusukuma pikipiki, Sumaili akafuata, na alipokuwa katikati ya magogo, kandambili imenasa, akasikia ng'ambo: "Tuko wangapi?"

"Wawili," ikajibu sauti ya Kiujiji, sauti yake mwenyewe, naye mdomo hajaufungua, akapiga yowe, akaiacha kandambili, akakimbia akijikwaa, na pikipiki ikaondoka imebeba mtu mwenye shati lake la bluu, na Faradji hakugeuka, kwa kuwa pale kugeuka ni mwiko.

Adhuhuri ile Mama Aicha alitenga sahani moja, akamshukuru Mungu. Mgeni wake alimwamkia vizuri, akaimaliza, akakohoa kidogo. Jumatatu chuoni jina la Sumaili lilipoitwa, mtu aliitika.

Siku hizi abiria wa njia ya Kabambare hawapendi kukawia pale magogoni. Pikipiki ikisimama tu, kijana mmoja huwabembeleza kwa kilio, karibu kabisa na sikio:

"Semeni watatu, jamani. Semeni watatu."