Baba Yangu Alikufa Tukingoja Utepe Ukatwe

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, nina watoto watatu, wa kwanza ni Divine, na mume ninaye... au niseme nilikuwa naye. Naishi hapa Kolwezi, mji wa migodi. Kazi yangu ni kutengeneza redio, simu, televisheni na kila kitu kinachoungua umeme unaporudi kwa nguvu. Na unarudi kwa nguvu kila siku, ingawa bwawa la umeme la Nzilo liko hapo karibu!

Msidhani naandika nikilia. Machozi yalikwisha. Kilichobaki ni kinyaa, na kinyaa hakina kidonge. Kuna jina moja nikilisikia tu, chakula kinarudi kooni. Ni jina la baba wa watoto wangu.

Baba yangu mzazi alifanya kazi ya mgodi tangu ujana wake. Alipostaafu alirudi nyumbani na kifua kilichojaa vumbi. Kifua kikimbana, alikuwa anavuta pumzi kwa shida mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kaka zangu walimtafutia mashine ya oksijeni iliyokwisha kutumika. Tulikuwa tunamwekea mrija puani, anatulia, halafu anaanza kuuliza bukari yake, ugali wetu wa huku, iko wapi. Mashine ile ndiyo iliyokuwa inatuachia baba.

Sasa nije kwenye kilichoniponza.

Mafundi wa mtaa wetu tulikuwa tumetawanyika, kila mtu na meza yake barabarani. Huyu ana kipima umeme lakini hana chuma cha moto cha kuchomelea nyaya. Yule ana chuma lakini hana vipuri. Mimi ndiye niliyewaambia, jamani, kwa nini tusiwe na karakana moja? Tukapewa ghala la zamani ambalo mbuzi walikuwa wamelifanya choo chao. Tulikwangua mavi kwa majembe, tukaosha, tukapaka chokaa. Kwenye ukuta niliweka mbao, nikachora umbo la kila chombo mahali pake, ili kikikosekana mtu aone mara moja. Vipuri nilivipanga kwenye vikopo vya maziwa, kila aina na kikopo chake. Betri mbovu zikapata pipa lao, watoto wasizichezee.

Ilipendeza! Wateja walikuwa wanaingia wanashangaa. Mimi nikasema kila fundi alete alichonacho, hata kiwe kimoja, asibakize kitu nyumbani. Na mimi nilileta vyangu vyote.

Tata Ngoy, mzee wa redio, alileta chuma chake cha kuchomelea kikiwa kimefungwa kitambaani. Alikishika kwanza kabla ya kunipa. Akaniambia, "Mama Divine, hii njo inalisha batoto bangu. Minakuachia weye." Nikakitundika kwa heshima.

Tukahitaji mwenyekiti, mtu wa kuzungumza na maofisi. Mume wangu Deo ni karani. Hajui kutofautisha waya na kamba ya viatu, lakini Kifaransa chake kinateleza! Wakamchagua, wakaanza kumwita président. Ufunguo ukawa wake. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Mume wangu, kazi yangu, mtaa wangu... nilidhani Mungu amekaa kwetu.

Siku moja Deo akarudi nyumbani anang'aa. Kuna Mkubwa fulani amesikia habari za karakana. Atakuja mwenyewe kuifungua rasmi, kukata utepe mbele ya kamera. Ataleta na paneli za jua. Tukapiga vigelegele.

Kesho yake nikakuta mlango una kufuli kubwa, na utepe mwekundu umefungwa kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile. Deo akasema kazi imesimama, kwa sababu kitu ambacho hakijafunguliwa hakiwezi kutumika. Nikamuuliza vyombo vya watu je? Akanijibu bila kunitazama, akiuonyesha utepe kwa kidole, "Ruban ilisha kuwekwa, Mama Divine. Mutu hawezi kupita mbele ya Mukubwa. Bangoje."

Wasomaji, tulingoja! Mkubwa alisema wiki hii, akaahirisha. Akasema mwisho wa mwezi, akaahirisha tena. Mafundi walikuwa wanakuja nyumbani kwangu kuomba bisibisi zao wenyewe, kama wanaomba chumvi. Deo anawajibu kwamba bisibisi sasa ni ya jumuiya. Tata Ngoy akaanza kufungua redio za watu kwa kisu cha jikoni, mikono imejaa majeraha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu iliumiza matumbo kweli, kwa njaa.

Mimi nilinung'unika, lakini nilinung'unika chumbani. Ni mume wangu, jamani. Mke anayemwaibisha mumewe hadharani anaitwaje hapa kwetu? Mnajua.

Ikafika Jumamosi ile...

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi mchana kwa kishindo. Nilikuwa kwa wazazi wangu nikifua. Nikasikia mashine ya baba inanguruma, halafu kimya. Nilikimbia. Nilipoifungua nikaujua ugonjwa wake papo hapo. Ilikuwa kondansateri, kile kikopo kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Kilikuwa kimevimba na kupasuka. Ni kazi ndogo! Unatoa cha zamani, unachomelea kipya, basi. Na kondansateri za namna ile zilikuwepo karakana, nilizipanga kwa mikono yangu.

Baba alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa mabega. Alinitazama, akajaribu hata kutania. "Fundi wangu," alisema, "usinikawishe."

Nikampigia Deo. Nikamweleza yote. Nikamwambia kama hana nafasi, basi nimchukue baba kwa teksi mpaka hospitali. Akanizuia! "Hapana, mama, usisumbue muzee mu mabarabara. Niko mu njia. Beba mashine, ngoja miye pale ku mulango. Ufunguo iko mu mukono."

Niko mu njia! Neno gani hili katika mji wetu? Mtu yuko kitandani anasema yuko njiani. Mtu anaoga anasema yuko njiani. Lakini hili lilikuwa la mkwewe aliyekosa pumzi. Nani angewaza kwamba mtu anaweza kudanganya hapo?

Nilimwacha mama na baba. Kijana wa baiskeli akanifungia mashine nyuma ya baiskeli yake, nikamfuata mbiombio. Nikafika mlangoni, nikasimama mbele ya utepe. Nikangoja. Nikapiga simu tena. "Nafika, mama, nafika." Nyuma ya sauti yake nikasikia mtu anamwambia, "Inua mukono, président." Sikuelewa. Nilidhani ni polisi wa barabarani...

Dirisha lina nondo kwa sababu ya wezi. Nikachungulia. Chuma cha Tata Ngoy kilikuwa kinaning'inia mahali pake, kisafi, hakina kazi. Vikopo vyangu vya vipuri vilikuwa vimepangana rafuni. Nilipiga kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikatoka damu. Watu waliokuwa wanapita wakanikemea, eti Mama Président mwenyewe anaharibu kazi ya mumewe! Nikamtafuta fundi wa mtaa wa pili kwa simu, nikaambiwa amekwenda Mutshatsha kwenye kilio. Nikampigia Deo mara nyingine, safari hii hakupokea.

Aliyenipigia alikuwa mama. Hakusema kitu kirefu. Alisema tu, "Rudi, mwanangu. Acha mashine."

Nilimkuta baba amelala ubavu, mkono wake ukiwa bado umeshika ukingo wa kitanda. Nilimwita, nikamwita... Mnajua wenyewe wafu wanavyojibu.

Deo alifika wakati wanawake wamekwisha kuanza kulia. Nilimwona akiingia uani, na hapo ndipo nilipojua ni nani aliyekuwa anamwambia ainue mkono. Alikuwa amevaa suti mpya ya kitenge, bado ina pini, na mistari ya chaki mabegani! Alikuwa kwa fundi cherehani. Mkwewe anakata roho, yeye anapimwa suti ya kumpokelea Mkubwa. Akajitupa chini, akalia kuliko watoto wa marehemu. Watu walisema, tazama jinsi alivyompenda mkwewe! Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikatapika.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa ninausikia msemo huo tangu utoto, na sikujua kwamba nguo yenyewe inaweza kuwa suti.

Mngedhani yameishia hapo. Hapana!

Baada ya kilio mama aliniambia mashine ile itengenezwe, apewe dada muuguzi wa zahanati, isaidie watoto wa wengine. Nikamuuliza Deo iko wapi, maana niliiacha mlangoni pa karakana. Akasema inatunzwa vizuri. Siku zikapita. Kila nikiuliza, inatunzwa. Mwishowe ikatangazwa kwamba Mkubwa anakuja kweli. Deo akaniletea kitenge cha sherehe, nikakiacha juu ya kiti. Nilikwenda na nguo yangu nyeusi, nikitafuta mashine ya baba.

Ngoma zinalia, watoto wa shule wamepangwa juani. Mkubwa akakata utepe, makofi. Tukaingia ndani. Katikati ya karakana wameweka meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa... mashine ya baba yangu! Imepanguswa, taa yake inawaka. Inafanya kazi. Inapumua yenyewe, hakuna wa kumpumulia.

Deo alikuwa anaeleza kwa Kifaransa chake kinachoteleza kwamba hiki ni mfano wa vifaa ambavyo karakana imevifufua, na kwamba vinaokoa maisha. Mkubwa akacheka. Akachukua ule mrija, akauweka puani mwake, akavuta hewa, akafumba macho kama anaonja mchuzi. Wapiga picha wakasogea. Ule mrija, wasomaji wangu! Ule uliotoka puani mwa baba!

Nilimgeukia Tata Ngoy aliyekuwa pembeni. Nikamuuliza ni nani aliyeitengeneza. Mzee alijibu kwa kujivuna kidogo, "Ni miye, mama. Tata Divine, bwana yako, alinifungulia mulango, alisema ni mashine ya kliniki. Ilikuwa kitu kidogo sana, hata chai yangu haikupoa." Halafu akaniona uso, akaiona nguo yangu nyeusi, akaelewa. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Yeye simlaumu, alidanganywa kama mimi.

Nilikwenda mpaka mbele. Nikauvuta mrija kutoka puani mwa Mkubwa. Nikachomoa waya ukutani. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Hii mashine haikuokoa mutu! Ni ya baba yangu. Alikufa juu ya kungojea ruban yenu. Bwana yangu alikuwa anapimwa suti!"

Kamera zote zikanigeukia.

Halafu mwongoza sherehe, ambaye nafikiri hakuwa anasikiliza, akashika kipaza sauti akasema, "Tupigie mama makofi!" Na wakapiga! Wakapiga makofi, wasomaji! Wengine waliinamisha vichwa lakini mikono ilikuwa inapiga. Mkubwa naye alipiga, akajifuta pua kwa leso, akauliza chakula kiko upande gani. Deo aliniambia kati ya meno, "Umenipatisha haya." Eti haya. Yeye ndiye aliyepata haya!

Niliibeba mashine kichwani, nikatoka. Siku hiyohiyo niliifikisha zahanati, kisha nikachukua watoto wangu nikahamia kwa mama. Wazee wa familia zote mbili wamekaa, wamesema nisamehe, mwanaume hukosea, kila mtu husema yuko njiani. Mchungaji naye amekuja. Nimewapa wote chai. Kurudi sirudi. Siwezi kulala karibu na mtu ambaye pumzi yake inanichefua.

Na paneli za jua? Hazikuletwa. Na karakana? Baada ya sherehe kufuli lilirudi, kwa sababu eti Mkubwa wa Mkubwa huyo anataka kuja kuitazama ikiwa safi. Safari hii mafundi hawakungoja. Walimfuata Deo wote kwa pamoja mchana kweupe, wakaudai ufunguo, akautoa. Sasa mlango ule hauna kufuli. Tunalala pale kwa zamu kuulinda, na asiye na zamu anajua nani anayo. Kazi inaendelea. Mimi nina meza yangu pale karibu na dirisha. Kuna watu wananiuliza ninawezaje kufanya kazi mahali pale. Nawajibu kwamba karakana haikuniulia baba.

Dada zangu, kaka zangu, wazazi wangu mnaosoma haya... Tengenezeni vitu vya pamoja, msiogope, ni vizuri. Lakini kitu cha wote kisiwe na ufunguo wa mtu mmoja, hata akiwa mumeo, hata akiwa anasema Kifaransa cha Paris! Mtu wenu akiwa mgonjwa na mwingine akasema yuko njiani, msimngoje, bebeni mgonjwa mwende. Na siku mtakapoambiwa msiguse kazi yenu mpaka Mkubwa aje akate utepe, ukateni ninyi, hata kwa meno, muingie. Akija atawakuta mnafanya kazi. Asipokuja, baba yenu atakuwa anapumua.