Aliyeitwa Upande wa Kushoto

Mtangazaji wa meli ya matembezi ya siku mbili kandokando ya pwani alikuwa shemeji wa jirani yetu, na abiria aliwadharau kama makapi. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha majabali, mnara wa taa na nyangumi. Nyangumi wasipotokea, aliwabuni. "Kushoto!" alikuwa akisema, na watu wazima walikimbilia povu la mawimbi na simu zao, wakishangilia.

"Baharini hatumwiti tusiyemwona," serahangi, mkuu wa mabaharia, alimwonya.

"Mzee, hawa hata gogo wataliita nyangumi."

Safari hiyo alikuwa na mkewe. Mke alikuwa amerudi kwao miezi mitatu, amechoka na uongo wa mumewe, akakubali kupanda meli ili aamue kama atarudi nyumbani. Siku ya pili, saa nne asubuhi, bado alikuwa amenuna. Mume akaona nyangumi mmoja tu angemlainisha.

"Mabibi na mabwana, kushoto. Mkubwa ajabu."

Wakaenda. Mkewe pia. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyeinua simu.

Mtangazaji alichungulia kupitia kioo cha kibanda chake. Maji matupu. Akacheka kwa pua. Mazuzu.

Dakika kumi zikapita. Hawakusogea. Walikuwa wameinua nyuso, wakitazama kitu kirefu kuliko meli, ambacho yeye hakukiona.

Akashika kipaza sauti. "Rudini ndani. Hakuna kitu. Nilitania."

Wote wakageuka kwa pamoja. Wakamtazama vile alivyozoea kuwatazama wao.

Mkewe akaja mlangoni. Alinong'ona.

"Anauliza ulimwitia nini."

"Nani?"

"Unamwita, halafu unamkana. Mimi nilishazoea, baba watoto. Yeye hajazoea."

Bandarini mke aliteremka na begi lake, hakugeuka. Abiria wengine walimfuata.

Mtangazaji alifunga kibanda, akalala mjini peke yake. Asubuhi alimkuta serahangi ndani ya kibanda, amepiga magoti, akikwangua kioo kwa kisu.

"Nani amekufungulia?" mtangazaji akauliza.

"Mlango ulikuwa wazi. Hebu tazama."

Yalikuwa makome madogo, yale yanayoganda kwenye tumbo la meli. Mamia. Yameota kwenye kioo, usawa wa uso wa mtu aliyeketi mbele ya kipaza sauti.

"Haya huchukua miezi kuota," serahangi alisema taratibu.

Yalikuwa upande wa ndani wa kioo. Yalikuwa hai, yakifungua na kufunga midomo.