Kiganja cha Nuriya

Swaleha hufagia mara mbili kila asubuhi. Kwanza hufagia uwanja wa nyumba yake. Kisha huvuka njia akafagia chini ya mnara.

Mnara huo uko Kibomani, kijiji kidogo upande wa Kipini, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hapo kale watu walipanda juu yake kuangalia bahari. Wakiona vyombo vya maharamia, walipiga ngoma. Kina mama na watoto walikimbilia ndani ya ukuta wa mji, na mlango ukafungwa. Siku hizi ukuta umebomoka. Umebaki mnara na mlango wake mdogo. Watoto hucheza hapo, na mbuzi hujikuna hapo, maana mbuzi hana habari na mambo ya kale.

Baba yake Swaleha, Mzee Harith, ndiye aliyeutunza mnara huo. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, aliupaka chokaa pamoja na jamaa zake. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Miaka minne iliyopita alipiga lipu mpya ya chokaa kando ya mlango. Lipu ikiwa bado mbichi, mjukuu wake Nuriya, wa miaka mitano, alibandika kiganja chake juu yake.

"Babu, nimepiga muhuri!" alisema.

Mzee Harith alicheka. "Basi mnara ni wako. Haya, njoo nikuoshe upesi. Chokaa mbichi huchoma ngozi."

Hakukifuta kile kiganja.

Mwaka huo huo mto ulifurika. Barabara ya kwenda mji wa Garsen ilikatika. Nuriya alishikwa na homa kali, na mashua ya kumvusha ilipopatikana, alikuwa ameshafariki. Simu yenye picha zake ilichukuliwa na maji. Mzee Harith naye hakumaliza mwaka. Ninayaandika haya kwa maneno machache, kwa sababu Swaleha mwenyewe huyasema kwa maneno machache.

Swaleha na mumewe Fumo hawakuwa na mtoto mwingine. Lakini waliendelea kuitana Mama Nuriya na Baba Nuriya. Kitu pekee walichobaki nacho cha mtoto wao ni kile kiganja ukutani.

Fumo ni fundi wa nyumba za matofali. Siku moja aliona ufa mwembamba karibu na kiganja. Alikwenda Garsen akarudi na mifuko miwili ya simiti. Aliuziba ufa, kisha akapiga simiti ukuta wote wa mlangoni. Aliacha kiganja tu, amekizungushia simiti pande zote.

"Baba hakutumia simiti hata siku moja," Swaleha alimwambia.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," Fumo alijibu. "Simiti ni ngumu, Mama Nuriya. Itamlinda."

Alisema hivyo kana kwamba mtoto mwenyewe yuko ndani ya ukuta. Mimi siwezi kumcheka. Methali ile ni ya kweli, ila haikutaja ufa uzibwe kwa kitu gani.

Mvua za miaka miwili zilipita. Asubuhi moja Swaleha alikuta unga mweupe chini ya mlango. Alifagia. Kesho yake alikuta unga tena, na vipande vya mawe. Aligonga simiti kwa kidole. Ililia kama debe tupu.

Aliingia nyumbani, akatazama nyuma ya mlango wa chumba cha marehemu baba yake. Hapo Mzee Harith aliandika kwa mkaa namba ya Hodan, afisa wa mambo ya kale, aliyewahi kumtembelea. Swaleha alimpigia.

Hodan alifika kutoka Garsen baada ya siku mbili. Aliugusa ukuta, akaunusa, akachukua ule unga na kuuonja kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," alisema. "Mama, hii ukuta inakufa. Nisamehe, Kiswahili yangu ni ya Garsen."

"Sema tu, dada. Tunakuelewa," alisema Swaleha.

"Haya mawe imetoka bahari. Iko na chumvi ndani, na inakunywa maji ya mvua. Zamani maji ilikuwa inatoka pole pole kwa chokaa, kwa sababu chokaa iko na matundu madogo sana. Simiti haiachi maji itoke. Ni kama mtu avalishwe nailoni kwa jua. Jasho itatoka wapi? Maji inakaa ndani, chumvi inasukuma jiwe, na jiwe inakuwa unga."

Fumo alikuwa ameinama. "Basi ni mimi niliyeuharibu."

"Kaka, mafundi wengi wanafanya hivi. Hakuna mtu aliwaambia. Jengo ya kale, usiguse kabla ya kuuliza. Sheria inailinda, na sisi kazi yetu ni kuja tukiitwa."

"Tufanye nini?" aliuliza Swaleha.

"Tutoe simiti yote, turudishe chokaa. Mvua kubwa ikikuta simiti hapa, mlango itaanguka, na mnara itafuata."

"Na kiganja?"

Hodan alikigonga kidogo sana. Kisha akasema, "Imeachana na jiwe, mama. Sasa inashikwa na simiti peke yake. Nitajaribu kuitoa nzima. Lakini siwezi kuahidi."

Siku tatu Swaleha hakufagia mahali popote. Siku ya tatu Fumo alisema, "Mvua kubwa bado miezi miwili. Tumwache miezi miwili hiyo."

Swaleha alilia kwanza. Kisha alisema, "Jana nimemwona mtoto wa jirani yetu Bushra amelala pale mlangoni, kivulini. Ana miaka mitano. Mimi najua kumzika mtoto, Baba Nuriya. Sitaki Bushra ajue."

Fumo alikwenda kutafuta nyundo ndogo na tindo.

Hodan alikipiga kiganja picha. Halafu aliweka karatasi juu yake na kukichora kwa penseli, kidole kwa kidole. Fumo alianza kuchonga simiti pembeni, taratibu, huku Swaleha akitandaza kanga chini. Kwa muda mfupi vidole vyote vitano vilitoka pamoja. Swaleha alivipokea. Kisha vilipasuka mikononi mwake, vikamwagika kwenye kanga, vikawa unga.

Fumo alikaa chini akalia mbele za watu, mtu mzima yule, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya kitambo Swaleha aliuliza, "Dada Hodan, hii ni ya kutupwa?"

"Hapana, mama. Hii ni kidogo, chumvi yake haina shida. Chokaa ya zamani ikisagwa, inachanganywa na mpya. Inasaidia mpya kukauka vizuri."

"Basi nitaisaga mimi."

Aliisaga kwa jiwe, juu ya kanga ile ile, asipoteze hata chembe.

Hodan alileta chokaa iliyolazwa majini miezi mitatu. Aliwavisha glovu na miwani, maana chokaa ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Fumo alichanganya chokaa na mchanga safi usio na chumvi. Swaleha alimimina unga wake ndani, naye Fumo akaugeuza kwa koleo. Waliyalowesha mawe kwanza. Walipaka tabaka jembamba, wakangoja likauke, wakapaka jingine. Kisha walifunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa, jua lisiupasue. Kwa wiki mbili Swaleha aliyamwagia magunia maji asubuhi na jioni.

"Tuweke alama yoyote?" Fumo aliuliza.

"Hapana," alisema Swaleha. "Yumo humo humo."

Mvua kubwa ilikuja, na mwaka huo haikuwa na huruma. Mashamba ya mpunga yalizama. Mnara ulisimama. Fumo sasa akisikia fundi anataka kupeleka simiti kwenye ukuta wa kale, humfuata mpaka kwake, humweleza kisa chake chote, na si kwamba hufurahia kukieleza. Mchoro wa Hodan umetundikwa chumbani kwao.

Mvua ilipokatika, Swaleha alitoka na ufagio wake. Chini ya mlango hapakuwa na unga. Aliweka kiganja chake ukutani, pale pale palipokuwa na kile kidogo.

"Pakavu?" aliuliza Fumo, nyuma yake.

"Pakavu."

Fumo alisogea, akaweka kiganja chake kando ya cha mkewe. Walisimama hivyo mpaka watoto wa kijiji walipokuja mbio kucheza, nao wawili wakawapisha mlangoni.