Sahani ya Kiti cha Mwisho

Jioni hiyo nilitoka kazini, kwenye makao ya wazee, nimechoka kama punda. Siku nzima nilikuwa nimeinua wazee, nimewaosha, nimewalisha, na bado supavaisa ananiuliza mbona sitabasamu. Nikampitia Cheryl kwa Rosalie, rafiki yetu Mkongomani anayenishikia mtoto nikiwa kazini, tukashika njia ya nyumbani kwa miguu. Ilikuwa Agosti, mwaka wa tisini na nane. Joto la Hyattsville, kule Marekani, la mwezi huo wanalijua walioishi huko: jua linazama lakini lami haipoi.

Nianze kupika? Thubutu. Nilisema leo tunakula kwa Mzee Lim.

Mzee Lim alikuwa Mchina wa Malaysia. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya maegesho, nyuma ya duka la vyakula: karai moja jeusi, moto mkali, meza ndefu na viti vichache vya plastiki. Tangu ujana wake huko kwao alipika kitu kimoja tu, tambi za mchele, zile pana na bapa. Alizikaanga na mayai, kamba wadogo na choroko zilizochipua, akamwagia sosi nyeusi mpaka zikashika harufu ya moshi. Ukila mara moja lazima urudi, na anayekwambia hivyo amelelewa kwa ugali na maziwa ya kibuyu.

Siku hiyo kiti cha mwisho kilikuwa kimewekewa sahani. Tambi zimejaa, zinatoa mvuke. Kando yake vijiti vya ubani vinafuka polepole...

Hakuna mtu.

"Hapo msikae," Mzee Lim alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata.

"Ni ya nani?"

Alikoroga karai bila kunitazama. "Mwezi huu ni wao."

Kila watu na mambo yao. Tukakaa, Cheryl akichagua kiti cha pili kutoka mwisho, na akaanza kula.

Niwaambie kuhusu Cheryl. Alikuwa na miaka sita. Kiswahili alikisikia chote, lakini kukisema, hata umchape. Unamuuliza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza cha puani. Ila adabu nilikuwa nimemfundisha. Kwetu mtu akikukuta unakula, unamwambia karibu. Awe jirani, awe mpita njia, awe adui wa baba yako. Unakaribisha kwanza, mengine baadaye. Wimbo huo nilimwimbia kila siku, na kila siku alinijibu, "I know, Mum."

Nikainuka kuchukua maji kwenye friji. Nikiwa nimewapa mgongo, nikamsikia.

"Karibu. Karibu tule."

Kiswahili safi kabisa! Nilifurahi jamani, nilifurahi mno. Nikageuka nikitabasamu nimwone huyo mwenye bahati.

Hakukuwa na mtu.

Lakini kiti cha mwisho kilikuwa kimesogea. Kilikuwa kimegusana na cha Cheryl.

Upawa wa Mzee Lim ukaanguka chini. Tambi zilikuwa zinaungua na yeye hazioni.

"Amemwita nani?" alinong'ona.

"Amesema karibu tu, mzee. Ni heshima ya kwetu."

"Sisi tunawawekea. Wale wafu wasio na wa kuwalisha. Wanakula, wanaenda zao. Lakini hatuwaiti. Hakuna mtu anayewaita!" Akazima moto. "Mpeleke mtoto nyumbani. Sasa hivi."

Tukaondoka haraka. Cheryl nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Baada ya hatua chache nikaona ule wa kulia ameuinua pembeni, vidole vimekunjwa, vile mtoto hutembea akishikwa na watu wawili.

"Cheryl... nani amekushika?"

"The grandma."

Nilimnyakua nikambeba mgongoni, nikakimbia na viatu vyangu vya kazi. Harufu ya ubani na moshi ilitufuata barabarani, ikapanda ngazi nyuma yetu. Nikafunga mlango, nikaweka komeo, nikashusha pumzi.

Harufu ilikuwa ndani tayari.

Baba Cheryl alikuwa kazini kwenye bohari, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nikawasha taa zote. Cheryl akaanza kulia njaa, maana zile tambi alikuwa amezionja tu. Nikapasha ugali na sukuma wiki za jana, nikamwekea mezani.

Alikula upande wake wa sahani.

Upande wa pili, ugali ulikuwa unapungua...

Nilidhani ni macho. Nikainama karibu. Ugali ulikuwa umemegwa, na alama za vidole zilikuwa pale, vyembamba, virefu kuliko vya mtoto. Cheryl akimega tonge, na upande ule tonge linameguka. Sahani ikaisha. Nikaongeza. Ikaisha tena.

"Mum, I'm still hungry." Midomo ilikuwa imemkauka, ngozi ya mashavu imemlegea. Nikamshika mikono. Baridi hiyo naijua. Ndiyo ninayoigusa kazini asubuhi nikimkuta mzee hakuamka. "Nyanya anakula yangu," akasema, sasa kwa Kiswahili, na machozi hayakutoka.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile maishani. Mtoto wangu wa pekee anakula na huku anakwisha, mbele ya macho yangu, taa zote zikiwaka.

Nikampigia Rosalie simu. Nilitarajia aanze kukemea, maana kwa maombi yule mama hajambo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ni nani alimukaribisha?"

"Cheryl."

"Kwa kinywa yake?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi usimufukuze, ma chère. Mugeni ukimufukuza, atakasirika. Umusindikize. Umurudishe pale alitokea. Mimi niko napiga magoti hapa."

Kusindikiza! Si ndivyo tunavyofanya? Mgeni hatoki peke yake. Unainuka naye, unamtoa, mnatembea mkipiga soga mpaka njia panda. Nilisimama mbele ya kiti kitupu kando ya mwanangu.

"Gogo," nikasema, vile Wakalenjin tunavyowaita bibi zetu. "Umekula, tumeshukuru. Twende nikusindikize."

Nikatoa kiwiko, jinsi ninavyowatolea wazee wangu kazini.

Nikangoja.

Kiti kikalia... krii.

Mkono wangu ukawa mzito.

Tukateremka ngazi moja moja. Cheryl nilimtanguliza mbele. Nilitembea mwendo wa kizee, nikizungumza kama ipasavyo: joto hili, bei ya nyama, watoto wa siku hizi. Sikioni kwangu kulikuwa na pumzi, ya moshi na udongo mbichi, na kila niliposimama kuvuka barabara, nayo ilisubiri.

Mzee Lim alikuwa amewasha moto tena na kuweka sahani mpya. Hakunitazama mimi. Alitazama pembeni yangu, usawa wa bega, akainamisha kichwa.

"Alikuwa akiishi pale juu," alinong'ona akielekeza kidevu kwenye ghorofa za jirani. "Kila jioni alikula hapa. Majira ya baridi hakuja. Walimpata amekaa mezani... alikuwa amekaa muda mrefu."

"Hakuwa na watoto?"

Akavuta kiti cha mwisho nyuma kidogo.

Nikamfikisha kitini. Mkono ukawa mwepesi, ukaniuma. Kwenye sahani, tambi zikaanza kupungua polepole. Na Cheryl akanikumbatia miguuni, viganja vyake vimepata joto. Nililia. Nililia kwa ajili ya mwanangu, na kusema kweli nilimlilia na yule bibi, aliyeketi mezani mpaka akasahaulika. Nikamshika Cheryl mkono tuondoke. Mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya kila mgeni akifika mwisho wa kusindikizwa.

"Haya, gogo. Kwaheri. Karibu tena."

Mzee Lim akafumba macho.

Tambi zikaacha kupungua.

"Mum," Cheryl akanong'ona. "Why did you say that?"

Agosti iliyofuata tulikuwa tumehamia Silver Spring, na Mzee Lim alishafunga kibanda akaenda nisikokujua. Jioni moja tulikuwa mezani, sisi watatu. Baba Cheryl, ambaye hadi leo anasema nilikuwa na uchovu tu, akainua pua.

"Nani anakaanga tambi?"

Kiti cha nne, ambacho nilikuwa nimekiegemeza ukutani kwa mikono yangu mwenyewe, kilikuwa kimegusana na cha Cheryl. Mtoto aliinamisha uso, akasukuma sahani yake hadi katikati ya viti viwili, na akangoja.