Paja la Rangi ya Waridi

Alasiri ya mkesha wa Krismasi, giza la mapema la kaskazini likiwa limeshaumeza msitu, Vilja alitua mzigo mezani: paja la nguruwe la dukani, limeokwa tayari. Bibi Hilkka akalibonyeza.

"Nilikwambia la kijivu. La chumvi tupu."

"Yamekwisha, bibi. Wenye kazi waliyawahi." Vilja alikuwa na shahada ya uzamili ya kemia ya vyakula, na kazi yake ilikuwa kuomba kazi. Akasoma kibandiko kama mhubiri: "Nyama, maji, naitraiti, vidhibiti... Maji kwa bei ya nyama! Na rangi hii ya waridi ni dawa ya naitraiti. Bila hiyo, nyama ingeonekana ilivyo. Maiti."

Vilja akadokoa kipande, akatafuna.

"Babu yako hajawahi kula takataka hii."

"Babu Taisto ni marehemu, bibi. Hasomi vibandiko."

"Koma!" Bibi akakata kipande, akakiweka kwenye sahani ya dirishani. "Kaoge upesi. Mvuke wa mwisho si wetu."

Ndivyo walivyolelewa. Mkesha huo sahani ya marehemu hutangulia kuwekwa dirishani, na sauna, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, huachwa na joto lake. Marehemu hunusa, huoga, hurudi kulala. Walio hai huwa wameshatoka.

Vilja alichelewa makusudi. Ubishi ndiyo mali pekee aliyotoka nayo chuoni.

Ndani ya kibanda cha sauna, mawe yalikuwa yanapoa. Akafumba macho.

Tssss...

Mtu amemwagia mawe maji.

Upawa ulikuwa mkononi mwa Vilja. Mkavu.

Mvuke ulinuka chumvi na nyama baridi. Akaurukia mlango. Mlango wa sauna hauna kufuli. Hata mlevi husukuma akatoka. Akasukuma. Akasukuma kwa bega.

Ukuta.

"Vilja..." Sauti ilitoka ubao wa juu wa kukalia, na kile kikohozi cha babu. "Nyama ile ilikufa lini?"

"Si... sijui, babu."

"Mimi nilipokufa niligeuka kijivu. Kila kilichokufa hugeuka. Ile haijui kama imekufa."

"Ni dawa tu, babu. Ya rangi."

"Sikunusa tu. Nimekula... Sasa sioni njia ya kurudi."

Mkono ukamshika bega. Umelowa. Laini. Kwa mwanga wa makaa akauona.

Waridi.

Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Nje, theluji ikalia chini ya viatu, na mlango ukafunguka, mwepesi kama pazia. Bibi alisimama na taa. Hakumtazama Vilja. Alitazama nyuma yake.

"Toka, mjukuu wangu."

Akaurudishia mlango. Ndani, kitu kikaanza kuusukuma. Polepole. Haukufunguka.

"Bibi, amenasa! Tumwite mchungaji, aombewe, apumzike..."

"Apumzike?" Bibi alinong'ona. "Na mimi niendelee kulala na mito? Nimemchungulia akila dirishani. Amerudiwa na rangi yake ya siku ya harusi." Akaanza kukusanya kuni za sauna. "Duka likifunguliwa, kanunue mapaja mengine. Haya haya."

Alikuwa anatafuna kitu.

Vilja alikimbilia nyumbani. Akavaa, akanyakua funguo za gari. Dirishani sahani ilikuwa tupu, imelambwa. Ulimini mwake bado kulikuwa na ile ladha tamu ya chumvi ya kipande alichodokoa. Akageuza kitasa cha mlango wa mbele, akasukuma.

Akasukuma kwa bega.