Kazi Iliyofutwa

"Tafuta kwenye kazi zilizokamilika tu," sauti ilisema sikioni. "Kwingine usihangaike."

"Sawa, mkuu."

Wiebke Tamsen alikosea herufi mara mbili kwenye kibodi, na jambo hilo lilimuudhi. Jasusi mzima, tena mwenye bastola ya Walther kwapani.

Lakini sababu alikuwa nayo. Mahali fulani katika bandari ya Hamburg lilikaa kontena la vigae, na nyuma ya vigae hivyo kulikuwa na mitungi ya gesi ya sumu. Mtu alikuwa amelipitisha bila kukaguliwa. Likitoka getini, gesi itafunguliwa jioni hiyo hiyo ndani ya treni za chini ya ardhi, watu wakitoka kazini.

Na makontena yalikuwa maelfu.

Alikuwa ameingia kampuni hii ya mizigo kama karani wa muda. Sasa ofisi ilikuwa tupu. Wote walikuwa katika chumba cha mapumziko wakila keki ya Gerlinde Ohlsen, maana kwao mwenye siku ya kuzaliwa ndiye huleta keki, na asiyekwenda kuila hununiwa mwezi mzima.

Wiebke alikuwa amekalia kiti cha Gerlinde, mbele ya kompyuta yake.

Hapo kila kontena hupangiwa kazi na programu: fungua, kagua, weka sahihi; lenye kazi iliyobaki halipiti getini. Kazi ikiisha, inaondoka kwenye skrini, lakini haipotei. Kuna chombo cha kuulizia kumbukumbu zake: nani alipewa, nani alimaliza, lini. Wiebke aliuliza zilizokamilika. Zote zilikuwa safi.

Safi mno.

Chini kabisa kulikuwa na chaguo jingine: zilizofutwa. Mkuu wake wa ujasusi, Detlefsen, yule wa sikioni, alikuwa amemkataza kwingine. Akabonyeza.

Jibu lilikuja moja tu.

Fungua na ukague. Kontena la vigae. Aliyefuta: G. Ohlsen. Sababu: agizo la mdomo la Bwana Detlefsen.

Detlefsen. Mkuu wake mwenyewe.

"Umepata nini?" Detlefsen aliuliza.

"Hamna kitu, mkuu."

"Hujui kudanganya, Wiebke. Kaa hapo hapo. Niko hapa chini, napanda."

Mlango ukafunguka. Wiebke akapeleka mkono kwapani, lakini alikuwa Gerlinde, ameshika sahani.

"Keki yangu hukuja kula," mama huyo alisema. "Kumbe umekuja kukalia kiti changu. Ndiyo adabu gani hiyo, Bi Tamsen?"

"Bi Ohlsen, kazi hii uliifuta wewe?"

"Bwana mmoja alikuja na kitambulisho cha serikali. Akasema ni siri ya taifa. Mimi sikupenda, nilimwambia."

"Mle ndani kuna gesi ya sumu. Unaweza kuirudisha kazi?"

Gerlinde aliweka sahani mezani. Uso ulikuwa umempauka.

"Ondoka kwenye kiti changu."

Nyayo zilisikika koridoni. Gerlinde alianza kuirudisha kazi, akiandika taratibu, herufi moja moja, kama karani wa wizarani asiye na haraka. Wiebke alijibanza nyuma ya mlango, bastola mkononi. Aliogopa. Anayekuja ndiye aliyemfundisha kuishika bastola hiyo.

Bunduki ya Detlefsen iliingia kwanza, kisha yeye. Wiebke akamgusa shingo kwa mdomo wa Walther.

"Weka chini, mkuu."

Aliiweka. Akacheka kidogo.

"Umechelewa, binti. Lori liko getini."

Redio ya upepo mezani kwa Gerlinde ikakoroma.

"Geti kwa ofisi. Kizuizi kimegoma kuinuka. Mashine inasema mzigo wa vigae haujakaguliwa. Nifanyeje?"

"Usifungue," Gerlinde alijibu. "Ita polisi. Na mtu asiliguse hilo kontena."

Cheko la Detlefsen likakauka. Alimgeukia yule mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Nilikwambia ufute tu. Jina langu uliandika la nini?"

Gerlinde alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini huvaa viatu.

"Kulikuwa na kisanduku cha sababu," alisema. "Ningekiachaje kitupu?"

Polisi walipomchukua Detlefsen, Wiebke alifunga vifungo vya koti, akawaaga kwa kichwa, akashuka ngazi polepole bila kugeuka. Huko chini, pasipo na mtu wa kumwona, alichomoa kifaa cha sikioni, akakitupa pipani. Kisha akatoka mvuani.